Karatasi ya Inkjeti kwa Picha Nyeusi na Nyeupe

Picha nyeusi na nyeupe ina mtaji wa vitu viwili tu: wino mweusi na weupe wa karatasi. Katika picha ya rangi jicho hushughulishwa na kanga nyekundu au bahari ya samawati, na kasoro ndogo ya karatasi hupita bila kuonekana. Rangi zikiondoka, karatasi huwa nusu ya picha. Palipo na mwanga, kinachoonekana ni karatasi yenyewe. Palipo na kiza, weusi hufika pale tu karatasi inapouruhusu kufika. Ndiyo maana swali la karatasi, ambalo mpiga picha za harusi hulimaliza dukani kwa dakika moja, humkaa kichwani kwa miaka mtu anayechapisha picha zisizo na rangi kwa printa ya inkjeti, yaani printa inayorusha matone ya wino.

Mkanganyiko unakotoka

Maboksi ya karatasi yana majina mengi: glosi, satini, lulu, hariri, mati, barita, pamba, karatasi ya sanaa, karatasi ya makumbusho. Mnunuzi huyachukua kama ngazi za ubora kutoka chini kwenda juu, kumbe kila jina linajibu swali lake. Glosi, satini, lulu na mati ni maneno ya uso: yanaeleza namna mwanga unavyorudi kwenye jicho. Pamba ni neno la mwili wa karatasi, yaani nyuzi zilizoitengeneza. Barita ni neno la tabaka lililo kati ya mwili huo na mpako unaopokea wino. Karatasi moja inaweza kuwa ya pamba, yenye barita, na uso wake ukawa wa satini. "Ya makumbusho" ni neno la muuzaji. Chenye vipimo ni kiwango cha kimataifa cha ISO 9706, kinachotaka karatasi iwe na akiba ya alkali isiyopungua asilimia 2 ya kalisi kaboneti ili asidi isiile kadiri miaka inavyokwenda.

Uzito nao hupotosha. Canson ya Ufaransa huuza karatasi yake ya Rag Photographique kwa gramu 210 na gramu 310 kwa mita ya mraba. Ile nzito hutulia vizuri mkononi na haijikunji kirahisi, lakini gramu mia zilizoongezeka haziongezi weusi hata chembe. Wino haujui unene wa karatasi. Unajua mpako tu.

Tone la wino linapotua

Tone moja kutoka printa nzuri ya picha lina ujazo wa pikolita chache, na lita moja ina pikolita trilioni moja. Sehemu kubwa ya tone hilo ni maji. Likitua kwenye karatasi ya fotokopi, maji hufuata nyuzi na rangi huyafuata maji. Ukingo wa herufi ukikaguliwa kwa lenzi huonekana umeota manyoya. Karatasi ya picha huzuia hali hiyo kwa mpako wa silika au alumina wenye vitundu vidogo sana. Vitundu huyanyonya maji papo hapo, na rangi hubaki pale ilipotua.

Hapo aina ya wino huanza kuwa na maana. Katika wino wa pigmenti rangi ni chembe ngumu zinazoelea ndani ya maji. Maji yakinyonywa, chembe hubaki juu ya mpako kama masizi juu ya sufuria. Katika wino wa rangi iliyoyeyuka hakuna chembe. Rangi huzama pamoja na maji na kukaa ndani ya mpako. Wa kwanza hustahimili mwanga na hewa zaidi. Wa pili hung'aa vizuri kwenye glosi na bei yake ni nafuu, lakini hewa inayopita kwenye vitundu huufikia kwa urahisi. Mwaka 2000 wanunuzi wa printa za Epson Stylus Photo 870 na 1270 walijifunza jambo hilo kwa hasara: picha zilizotarajiwa kudumu miaka mingi ziligeuka rangi ya machungwa ndani ya muda mfupi kwenye aina moja ya karatasi ya glosi, na chanzo kilikuwa ozoni iliyomo hewani, wala si mwanga uliokuwa umepimwa maabara.

Umbo la mpako ndilo linaloamua weusi. Mpako wa mati una chembe kubwa za silika, na uso wake, ukitazamwa kwa hadubini, ni vilima na mabonde. Mwanga ukigonga vilima hivyo hutawanyika kila upande, na sehemu yake humfikia mtazamaji popote anaposimama. Weusi wa mati kwa hiyo huwa na utando hafifu wa mwanga juu yake, kama makaa yaliyopoa. Uso wa glosi ni tambarare na hurudisha mwanga upande mmoja. Mtazamaji akisogea kidogo mwanga huo humpita kando, na weusi hubaki mtupu.

Tofauti hiyo hupimwa kwa densiti, na kipimo chake ni cha logarithimu. Densiti 1 maana yake asilimia 10 ya mwanga hurudi. Densiti 2, asilimia 1. Weusi wa karatasi nzuri ya mati huwa takriban 1.6, sawa na asilimia 2.5 ya mwanga. Karatasi nzuri ya barita hufika 2.3 au zaidi, sawa na nusu ya asilimia 1. Pengo kati yao ni mara tano. Karatasi ya glosi ya zamani, iliyosafishwa kwa chumvi za fedha katika chumba cha giza, ilikuwa takriban 2.1, kwa hiyo inkjeti ya leo imeshaipita.

Ugomvi uliotangulia printa

Wanaodhani ushindani wa mati na glosi uliletwa na kompyuta wanasahau historia. Mwaka 1873 William Willis alisajili nchini Uingereza njia ya kuchapa picha kwa platinamu. Platinamu hukaa ndani ya nyuzi za karatasi bila utando wowote juu yake, na picha zake hazing'ai. Weusi wake ukipimwa ni mdogo hata kuliko wa mati ya inkjeti. Hata hivyo Frederick Evans, aliyepiga picha za makanisa makuu ya Uingereza, aliiona platinamu kuwa ndiyo picha yenyewe. Ilipopanda bei na kuadimika kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza, aliacha kupiga picha kuliko kuhamia karatasi nyingine. Picha yake ya mwaka 1903 ya ngazi zilizoliwa na nyayo katika kanisa kuu la Wells ina vijivu vingi kiasi kwamba jicho halikumbuki kudai weusi.

Upande wa pili ulijibu kwa nguvu. Edward Weston wa Marekani, aliyekuwa amechapa kwa platinamu miaka mingi, alihamia karatasi ya glosi ya fedha karibu na mwaka 1930. Mwaka 1932 yeye, Ansel Adams na wenzao walifanya maonyesho San Francisco kwa jina la Kundi f/64. Walitaka kila punje ya mchanga na kila mshipa wa jani uonekane, na karatasi laini inayong'aa ndiyo iliyowapa hilo. Wachapishaji wa inkjeti wamerithi pande hizo mbili, na hoja za kila upande bado zina uzito uleule.

Hoja ya barita

Barita ni bariamu salfeti, unga mweupe sana ambao tangu mwishoni mwa karne ya 19 umepakwa juu ya karatasi za picha ili kuzifanya laini na nyeupe. Kuanzia mwaka 2007 hivi watengenezaji kama Hahnemühle wa Ujerumani, Harman na Ilford walileta karatasi za inkjeti za namna hiyo, na watu wengi waliokuwa bado wamejifungia vyumba vya giza wakatoka. Zilikuwa na mwili wa nyuzi, mng'ao wa wastani, na weusi wa kina. (Si kila karatasi iliyoandikwa barita ina unga huo, watengenezaji wengine hutumia jina kueleza sura ya uso tu.)

Nguvu yake kubwa iko kwenye vivuli. Printa ikiwa na nafasi kubwa kati ya weupe na weusi, vijivu vya chini hupata mahali pa kukaa. Mikunjo ya kanzu nyeusi, nywele zilizosukwa, ngozi nyeusi iliyo upande usio na mwanga: vyote hivi huhitaji vijivu vilivyokaribiana sana ambavyo bado vinatofautiana. Kwenye mati vijivu hivyo hubanwa, na visiposhughulikiwa mapema huungana vikawa doa moja. Kwa picha za watu wa Afrika Mashariki jambo hili ni la msingi, kwa sababu ngozi nyeusi iliyochapishwa bila vijivu vya kutosha hupoteza umbo la uso wa mtu, na mtu hupotea pamoja nalo.

Udhaifu wa barita ni ule wa kila kitu kinachong'aa. Taa na madirisha hujitazama ndani yake. Alama za vidole hubaki. Palipo na weupe mtupu hapana wino, kwa hiyo mng'ao wa hapo hutofautiana na wa jirani yake wenye wino. Picha ikiinamishwa, mawingu huonekana kama viraka. Canon hupunguza tatizo hili kwa wino wa ziada usio na rangi unaofunika karatasi yote. Wino wa pigmenti pia unaweza kutoa mmetameto wa shaba kwenye vivuli kwa pembe fulani, ingawa wino wa miaka ya karibuni umepunguza sana kasoro hiyo.

Hoja ya mati

Karatasi ya mati ya pamba, mfano Photo Rag ya Hahnemühle yenye gramu 308, haishindani kwa weusi. Inachotoa ni utulivu. Haiakisi dirisha, hivyo picha huonekana sawa kutoka kila pembe ya chumba. Mtu huiona kama kitu kilichochorwa juu ya karatasi, hakuna tabaka linalomzuia. Ukungu wa asubuhi, kuta za chokaa za Mji Mkongwe, mashua ufukweni maji yakiwa yamekupwa, uso wa mzee kwenye mwanga wa kivulini: picha ambazo uzito wake uko kwenye vijivu vya kati na vya juu hazipotezi kitu kwa kukosa densiti 2.3, na mara nyingi hupata kitu.

Ila mati hudai kazi. Picha iliyotengenezwa ikapendeza kwenye skrini ikipelekwa mati bila marekebisho hutoka nzito na chafu upande wa vivuli. Vivuli lazima viinuliwe, na utofauti wa vijivu vya kati uongezwe ili jicho lisahau kwamba weusi wa mwisho si weusi kamili. Pili, uso wake ni dhaifu. Kucha ikipita juu ya eneo jeusi huacha mstari unaometa ambao haufutiki, na karatasi mbili zikisuguana ndani ya bahasha huachiana vumbi jeusi. Tatu, mati hutumia wino wake mweusi maalumu. Wino mweusi wa mati ukiwekwa kwenye glosi haushiki na hufutika kwa kidole. Wino mweusi wa glosi ukiwekwa kwenye mati hutoa kijivu kilichokufa. Printa nyingi za zamani zilipitisha wino hizo mbili kwenye njia moja, na kila mabadiliko yalimwaga wino wa thamani. Canon PRO-1000 ya mwaka 2015 na Epson P900 ya mwaka 2020 zina njia mbili tofauti, na gharama hiyo imeondoka.

Karatasi ya plastiki

Karatasi ya bei nafuu inayopatikana kila mji ina mwili wa nyuzi uliofunikwa polithini pande zote mbili. Haijikunji, hukauka upesi, na weusi wake kwa wino unaofaa unakaribia ule wa barita. Kwa albamu, picha za majaribio na kazi za wateja inatosha kabisa. Kasoro yake ni kwamba plastiki huzuia mvuke wa vimiminika vya wino kutoka nyuma, hivyo picha ikitiwa fremu mapema huacha utando wa ukungu ndani ya kioo. Iachwe wazi siku moja au zaidi kwanza.

Weupe wa kukopa

Karatasi nyingi nyeupe sana zimetiwa kemikali za kung'arisha. Kemikali hizi hupokea mionzi ya urujuanimno isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa samawati, na jicho huuona ubaridi huo kuwa ni weupe. Ni njia ileile ya sabuni za kufulia. Zina manufaa ya kweli: zinapanua umbali kati ya weupe na weusi, na picha hupata uhai dukani.

Ubaya wake ni mara mbili. Kemikali huchoka kwa mwanga, na karatasi hurudi kwenye unjano wake wa asili. Katika picha ya rangi mabadiliko hayo hujificha, katika picha nyeusi na nyeupe kila kijivu hubadilika pamoja nayo. Pia hazifanyi kazi pasipo urujuanimno. Picha iliyochaguliwa mchana karibu na mlango hubadilika sura usiku chini ya taa za LED, na ikiwekwa nyuma ya kioo kinachozuia mionzi hiyo huonekana imezeeka siku hiyohiyo. Karatasi kama Platine Fibre Rag na Rag Photographique za Canson hazina kemikali hizo. Weupe wao una joto kidogo tangu mwanzo, na mwenye picha anajua anachokipata. Kwa picha iliyokusudiwa kurithiwa, uamuzi hapa haupaswi kuwa mgumu: weupe wa kukopa hulipwa baadaye.

Printa na hali ya hewa

Karatasi haichaguliwi peke yake. Printa za matangi kama Epson L805 na L1800 zina wino sita wa rangi iliyoyeyuka: mweusi, samawati, majenta, njano, samawati hafifu na majenta hafifu. Hazina kijivu. Kijivu chao hutengenezwa kwa kuchanganya rangi, na mchanganyiko ukiyumba kidogo picha huelekea kijani au zambarau. Mbaya zaidi, mwelekeo huo hubadilika taa inapobadilika. Tatizo hili ndilo lililofanya Epson ilete mwaka 2005 wino wa K3 wenye weusi wa ngazi tatu, mzito, wa kati na hafifu. Jon Cone wa Vermont, Marekani, alikwenda mbali zaidi kwa mfumo wa Piezography, unaojaza printa nzima kwa vivuli vya wino wa kaboni pekee. Mwenye printa isiyo na kijivu akinunua mati ya pamba ya bei ghali hupata hasara mara mbili, kwa sababu wino wa rangi iliyoyeyuka huzama kwenye mati na weusi hupungua zaidi. Printa hiyo hutoa matokeo yake bora kwenye satini ya plastiki.

Pwani ya Afrika Mashariki huongeza sharti lake. Unyevu wa hewa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam mara nyingi hupita asilimia 70, kiwango ambacho kuvu huanza kustawi. Pamba hunyonya unyevu huo, hujikunja pembeni, na pembe iliyoinuka hugonga kichwa cha printa na kuacha alama nyeusi ukingoni. Wino wa rangi iliyoyeyuka hutambaa polepole ndani ya mpako. Boksi likifunguliwa, karatasi zilizobaki zirudishwe kwenye mfuko wake pamoja na vifuko vya silika, na picha isitundikwe imegusa ukuta wa matumbawe au saruji unaovuta maji.

Mizani

Hoja ya densiti ni ya kweli, lakini hupimwa uchi, na picha nyingi haziishi uchi. Kioo cha kawaida cha fremu hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso wake, jumla kama asilimia 8. Weusi wa mati hurudisha asilimia 2.5. Katika chumba chenye dirisha linaloikabili fremu, kioo hurudisha mwanga mwingi kuliko weusi wa karatasi yoyote, na sehemu kubwa ya ubora wa barita humezwa humo. Kwa hiyo picha itakayokaa nyuma ya kioo cha kawaida haipaswi kugharimiwa kwa ajili ya tarakimu za densiti; ichaguliwe kwa umri wa karatasi na rangi ya weupe wake. Picha itakayoshikwa mkononi, kupinduliwa na kuinamishwa kwenye mwanga, huipa barita haki yake yote. Picha itakayotundikwa bila kioo mahali pasipoguswa ni ya mati.

Kuna pia suala la uaminifu kwa asili. Picha za studio za Afrika Mashariki za katikati ya karne ya 20, kama zile za Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza Zanzibar mwaka 1930, zilisafishwa kwa fedha. Anayechapisha upya negativu za enzi hizo akitaka kuonyesha zilivyoonekana anapaswa kutumia barita. Akitumia mati anatoa tafsiri yake mwenyewe, jambo ambalo ni halali mradi alieleze.

Kabla ya kununua boksi zima, ngazi 21 za kijivu kutoka weupe hadi weusi zichapishwe kwenye karatasi moja ya majaribio, aina ya karatasi ikiwa imechaguliwa sawasawa kwenye menyu ya printa, kisha zitazamwe siku inayofuata katika chumba kitakamokaa picha. Ngazi tano za chini ndizo hakimu. Zikiungana kuwa doa moja, karatasi au mpangilio wa printa haufai.

Anayeweza kununua boksi moja tu, na ana printa yenye wino wa kijivu, anunue barita ya satini isiyo na kemikali za kung'arisha. Vivuli vya mati haviwezi kuongezwa kina baada ya kuchapwa, lakini mng'ao wa barita unaweza kuepukwa kwa kuigeuza taa.